Mvua ya Mawe Ndani ya Kompyuta: Jinsi Dhoruba Zetu Zinavyohesabiwa Kabla Hazijaanguka

Mkulima yeyote wa Ainamoi, Bureti au Konoin anaijua alasiri ya aina hii. Asubuhi kulikuwa na jua kali. Kufikia saa nane mawingu yamejenga mlima angani. Saa tisa unusu giza linaingia, upepo wa baridi unapita juu ya chai, kisha mawe ya barafu yanaanguka kwa dakika kumi au ishirini. Yakikoma, majani mawili na kichipukizi yaliyongoja kuchumwa kesho yamechanika na kulala chini. Shamba la jirani, ng'ambo ya kijito, halikuguswa.

Wakazi wengi huuliza swali moja: ikiwa simu inaweza kuonyesha ramani ya mvua ya kesho, kwa nini haikunionya kwamba mawe yataanguka kwangu? Ni swali la haki. Makala haya yanaeleza jinsi wanasayansi wanavyoiga dhoruba ndani ya kompyuta, kwa nini uigaji huo bado hauoni shamba moja moja, na jinsi mwananchi anavyoweza kuutumia utabiri bila kuudharau wala kuuamini kupita kiasi.

Kwa nini mawe huanguka huku

Tuanze na mwinuko. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Timbilil, makao ya Taasisi ya Utafiti wa Chai, yako mita 2,180. Karibu na ikweta, maji huanza kuganda angani kwenye kimo cha kati ya mita 4,500 na 5,000. Kwa hiyo jiwe la barafu linaloanguka juu yetu hupita takriban mita 2,500 tu za hewa yenye joto kabla ya kugusa chai. Jiwe kama hilo likianguka juu ya Mombasa lina safari karibu mara mbili, na mara nyingi huyeyuka likafika chini likiwa tone la maji.

Jambo la pili ni upepo. Mchana, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji ya Ziwa Victoria, ambalo ukubwa wake ni takriban kilomita 68,800 za mraba. Hewa ya ziwani, iliyojaa mvuke, huvutwa kuelekea nchi kavu na kupanda hadi kwenye milima yetu. Huku hukutana na upepo wa mashariki unaovuka Bonde la Ufa na Msitu wa Mau. Hewa hizo mbili zikikutana hazina pa kwenda ila juu. Ndiyo maana dhoruba zetu nyingi ni za alasiri.

Jambo la tatu ni dogo kiasi kwamba halionekani kwa macho. Maji ndani ya wingu yanaweza kubaki maji hata yakiwa na baridi kupita sifuri. Ili yagande, huhitaji chembe ndogo ya kushikilia. Mwaka 1982 watafiti R. C. Schnell na S. N. Tan-Schnell walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba takataka za majani makavu chini ya michai ya Kenya zina chembe za aina hiyo, zinazoweza kugandisha maji mapema. Upepo na miguu ya wachumaji huweza kuzirusha hewani. Yaani shamba la chai lenyewe huenda likachangia mbegu za barafu.

Haishangazi basi kwamba Kericho inajulikana na wataalamu wa hali ya hewa duniani kote. Mvua ya mawe huripotiwa katika eneo hili kwa siku nyingi kila mwaka.

Wingu halirudi mara ya pili

Katika miaka ya 1960 wenye mashamba makubwa ya chai walijaribu kupambana na mawe. Kwanza zilirushwa roketi zenye baruti kuelekea mawinguni. Baadaye zilitumika ndege zilizonyunyiza iodidi ya fedha, kwa matumaini kwamba barafu ingegawanyika kuwa punje nyingi ndogo badala ya mawe machache makubwa.

Majaribio hayo yalikuwa na ugumu mmoja. Wingu likirushiwa roketi na mawe yasianguke, nani ajuaye kama yangeanguka bila roketi? Wingu hilo limeshapita, na halirudi ili lijaribiwe upya.

Hapo ndipo uigaji wa kompyuta unapokuja. Ndani ya kompyuta wingu lilelile linaweza kurudiwa mara mia. Mtafiti anaweza kulipunguzia mvuke kidogo, kuliongezea chembe za kugandisha, au hata kuliondolea mlima, kisha akaangalia kilichobadilika.

Wingu hugeuzwaje kuwa hesabu

Fikiria kituo chako cha kununulia majani. Karani ana daftari. Anaandika kilo zilizoingia, kilo zilizopakiwa kwenye lori, na zilizobaki. Hesabu isipolingana, kuna kosa mahali.

Mwanasayansi hufanya vivyo hivyo na anga. Huigawa kuwa masanduku, yaliyopangwa ubavu kwa ubavu na moja juu ya jingine hadi juu ya mawingu. Kila sanduku lina daftari lake: halijoto, shinikizo la hewa, mvuke, maji, barafu, kasi ya upepo na mwelekeo wake. Kisha kompyuta huuliza: katika sekunde chache zijazo, ni hewa kiasi gani itaingia sanduku hili kutoka kwa majirani zake, na kiasi gani itatoka? Mvuke ukigeuka kuwa maji, hutoa joto kiasi gani? Joto hilo litaisukuma hewa juu kwa kasi gani? Majibu huandikwa, na kazi huanza upya kwa sekunde chache zinazofuata, maelfu ya mara, hadi kesho ifike.

Kanuni zinazotumika si siri. Ni zile za fizikia zinazofundishwa shuleni: kani husukuma vitu, nishati haipotei bure, hewa ikipanda hupoa. Kazi ngumu ni wingi wa hesabu.

Mwingereza Lewis Fry Richardson alijaribu kuzifanya kwa mkono. Alichagua siku moja, tarehe 20 Mei 1910, akakokotoa mabadiliko ya saa sita. Kazi hiyo ilimchukua majuma kadhaa, na jibu lilikosea vibaya sana. Hata hivyo alichapisha kitabu mwaka 1922, na ndani yake akawazia ukumbi wenye watu 64,000 wakipiga hesabu pamoja ili kwenda sambamba na hali ya hewa. Mwaka 1950 kompyuta ya ENIAC nchini Marekani ilifaulu kutabiri saa 24. Kazi hiyo ilichukua karibu saa 24, kwa hiyo kesho ilifika pamoja na utabiri wake.

Wanasayansi wa Afrika Mashariki na ziwa letu

Kompyuta ziliendelea kukua, lakini kwa miaka mingi modeli nyingi ziliandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, ambako hakuna ziwa kubwa kwenye ikweta lenye milima pande zote. Mmoja wa waliolishughulikia pengo hilo ni Profesa Fredrick Semazzi, aliyepata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi na baadaye akafundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina nchini Marekani. Kazi yake inaunganisha hisabati na sayansi ya anga.

Mwaka 2004 Semazzi na wenzake, akiwemo marehemu Profesa Laban Ogallo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha modeli iliyounganisha mambo mawili: anga ya Afrika Mashariki na maji ya Ziwa Victoria yanayosogea. Kabla ya hapo, ilikuwa kawaida kulichukulia ziwa kama sufuria ya maji iliyotulia, inayopata joto na kupoa pale ilipo. Wao walionyesha kwamba njia hiyo haitoshi. Mikondo ya ziwa hubeba joto kutoka upande mmoja hadi mwingine, na joto likihama, mvua nayo huhama.

Mwaka 2006 Richard Anyah, pamoja na Semazzi na mwenzao Lian Xie, walichapisha uigaji mwingine uliochunguza jinsi upepo wa ziwani unavyoshirikiana na hewa yenye unyevu inayotoka Bahari ya Hindi. Funzo lake kwetu ni hili: mvua ya huku hailetwi na ziwa peke yake. Ziwa, milima na bahari ya mbali vyote viko katika daftari moja.

Utafiti huo haukuishia hapo. Mwaka 2016 Mbelgiji Wim Thiery na wenzake walichapisha utafiti kuhusu dhoruba za usiku ziwani, zinazohatarisha maisha ya wavuvi. Walieleza kwamba dhoruba za mchana katika nchi kavu inayozunguka ziwa zina uhusiano na ukali wa dhoruba za usiku majini. Ngurumo inayosikika Litein alasiri inaweza kuwa sehemu ya onyo kwa mvuvi wa Homa Bay usiku.

Picha nzuri si lazima iwe utabiri mzuri

Kompyuta haichori wingu; hutoa namba, mamilioni kwa mamilioni. Ili binadamu azielewe, programu nyingine huzipa rangi: buluu kwa mvua kidogo, nyekundu kwa mvua kubwa. Namba za kila dakika zikipangwa mfululizo, tunaona wingu likisogea. Ramani unayoiona kwenye runinga au simu ni hesabu iliyopakwa rangi.

Hesabu za ukoo huohuo hutumika katika filamu. Mwaka 2013, katika filamu ya Frozen, wataalamu wa Disney pamoja na wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliiga theluji kwa kuigawa kuwa chembe nyingi, kila moja ikibeba uzito na kasi yake. Moshi na maji ya kwenye filamu nyingi hufuata kanuni zilezile zinazosogeza upepo katika modeli ya hali ya hewa.

Lakini malengo hayafanani. Mwaka 1999 Jos Stam alibuni njia ya kuiga moshi ambayo ni ya haraka na haivurugiki hata hesabu zikifanywa kwa hatua kubwa. Gharama yake ni kwamba mizunguko midogo ya moshi hufifia upesi kuliko inavyofifia katika hali halisi. Kwa mtengeneza filamu hilo si tatizo, kwa sababu mtazamaji ataridhika. Kwa mtabiri ni tatizo kubwa, maana mzunguko mdogo wa hewa unaweza kuwa ndio utakaozaa mawe. Filamu inatakiwa ifanane na ukweli. Utabiri unatakiwa ulingane na kile kitakachopimwa shambani kesho.

Kumbuka hilo unapofungua simu. Kielelezo kizuri cha wingu na matone matatu hakikuambii kilitokana na hesabu ya aina gani.

Kwa nini kompyuta haioni shamba lako

Jibu liko katika ukubwa wa sanduku. Sanduku likiwa na upana wa kilomita 25, linafunika kilomita 625 za mraba, na kompyuta huliandikia halijoto moja, upepo mmoja na mvua moja. Ndani yake mna mabonde, misitu, miji na maelfu ya mashamba. Ukanda wa mvua ya mawe huenda ukawa na upana wa kilomita moja au mbili tu. Kwenye sanduku kama hilo, mawe yako yamechanganywa na jua la jirani yako kisha wastani ukaandikwa.

Modeli kuu ya kituo cha Ulaya, ECMWF, inayotegemewa na watu wengi duniani, ina masanduku ya takriban kilomita 9. Idara ya hali ya hewa ya Uingereza imeendesha kwa ajili ya ukanda wa Ziwa Victoria modeli yenye masanduku ya kilomita 4.4. Kwa ukubwa huo, dhoruba huanza kuonekana kama dhoruba, ikiwa na hewa inayopanda na mvua inayoshuka. Jiwe la barafu lenyewe, lenye upana wa sentimita moja, bado linabaki kuwa makadirio.

Kwa nini basi masanduku yasifanywe madogo zaidi? Ukipunguza upana wa sanduku kwa nusu, masanduku yanakuwa mara nne. Hatua za muda nazo lazima zikatwe kwa nusu, ili hewa isiruke sanduku zima kwa hatua moja. Kazi inakuwa mara nane. Ukipunguza tena kwa nusu, inakuwa mara 64. Utabiri wa kesho ukikamilika keshokutwa, haumsaidii mtu.

Asilimia 60 maana yake nini?

Kuna ugumu mwingine ambao kompyuta kubwa peke yake haiuondoi. Mwaka 1961 Mmarekani Edward Lorenz alikuwa akirudia uigaji kwenye kompyuta yake. Badala ya kuingiza namba 0.506127, aliingiza 0.506. Tofauti ilikuwa ndogo sana, lakini baada ya muda hali ya hewa iliyotokea haikufanana kabisa na ya kwanza. Mwaka 1963 alichapisha maelezo yake: katika anga, kosa dogo la mwanzo hukua.

Hakuna anayeweza kupima kila upepo na kila tone la mvuke kati ya Kisumu na Londiani. Kwa hiyo watabiri hurudia hesabu mara nyingi, kila mara wakibadilisha kidogo hali ya mwanzo. ECMWF hufanya hivyo mara 50 na zaidi kwa kila utabiri. Ikiwa 30 kati ya hizo 50 zinaonyesha mvua, tunasema uwezekano ni asilimia 60.

Asilimia 60 haina maana kwamba mvua itanyesha kwa asilimia 60 ya siku. Wala mtabiri hajadanganya ikiwa haikunyesha kwako. Katika siku kumi za namna hiyo, tarajia mvua katika sita na siku nne bila mvua. Mkulima aliyezoea kupima uwezekano wa bei na bonasi anaweza kuitumia namba hiyo vizuri.

Namba zinazotoka mashambani

Modeli yoyote huanza na vipimo, na husahihishwa kwa vipimo. Hapa eneo letu lina hazina, kwa sababu mashamba ya chai yamekuwa yakiandika mvua na halijoto kwa miongo mingi. Mwaka 2011 mtafiti Judith Omumbo na wenzake walitumia miaka 30 ya vipimo vya Kericho, kuanzia 1979 hadi 2009, wakaonyesha kwamba halijoto ilipanda kwa takriban nyuzi 0.2 kila miaka kumi. Suala hilo lilikuwa limebishaniwa kwa muda mrefu katika mjadala wa malaria ya nyanda za juu. Uchunguzi huo uliwezekana kwa kuwa mtu fulani alikwenda kwenye kipimo kila siku akaandika alichokiona.

Mvua ya mawe ni ngumu zaidi kupima kwa sababu hupita haraka na mahali padogo. Hata ripoti ya kawaida ina thamani: tarehe, saa iliyoanza, dakika ilizochukua, ukubwa wa mawe (kama punje ya mahindi, kama maharagwe, au zaidi) na mahali. Bila ripoti kama hizo, mtafiti hawezi kujua kama dhoruba aliyoiiga ilifanana na ile iliyoanguka.

Mkazi afanye nini?

Tumia kila chombo kwa kazi yake. Utabiri wa msimu hutusaidia kupanga miezi: kupanda, kununua mbolea, kutengeneza mitaro. Utabiri wa siku chache hutusaidia kupanga wiki: ikiwa uwezekano wa dhoruba kesho alasiri ni mkubwa, majani yaliyokomaa yachumwe asubuhi na yafikishwe kituoni mapema. Kwa saa moja au mbili zijazo, macho yako, masikio yako na picha za setilaiti zina nguvu kuliko utabiri wa jana.

Yafuatayo ni muhimu kwa kila nyumba:

1. Fuata matangazo ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Idara hiyo ina mkurugenzi wake katika kila kaunti, na utabiri wake husomwa na watu wanaolifahamu eneo hili. Programu ya simu haina mtu wa namna hiyo.

2. Ukisikia ngurumo, acha kuchuma na uingie ndani ya jengo imara au gari lililofungwa. Usijikinge chini ya mti. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kikapu cha majani hakina thamani ya maisha.

3. Ikiwa una kipimo cha mvua, kiweke mahali pa wazi, mbali na miti na nyumba, kisha kisome kila siku saa tatu asubuhi. Andika hata siku ambazo hakukunyesha, kwa sababu sifuri nayo ni kipimo.

4. Mawe yakianguka, andika saa, ukubwa na mahali siku hiyohiyo, na umpe taarifa afisa wa kilimo wa wadi yako. Kumbukumbu hiyo itakusaidia wewe, na itawasaidia wanaojaribu kuielewa anga yetu.

5. Kabla ya kupogoa michai iliyoharibiwa, zungumza na afisa wa ugani. Uharibifu unaoonekana mkubwa siku ya kwanza huenda usihitaji kisu.

Kompyuta haijafikia hatua ya kumwambia mkulima wa Mogogosiek kwamba mawe yataanguka kwenye shamba lake saa tisa na robo. Inachoweza kumwambia ni kwamba kesho alasiri ni siku ya kuwa macho, na kila mwaka inamwambia kwa uhakika zaidi kidogo. Sehemu ya uhakika huo hutoka kwenye daftari la mvua linalojazwa hapahapa nyumbani.